Flashi ya Lilongwe

Kila Jumamosi, kabla ya mazoezi ya kwaya, Isimbi aliwasha kompyuta ya chumba cha kusomea cha kanisa, pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Ndani yake mlikuwa na vitabu elfu tisa, pamoja na orodha ya kuvitambua: jina la kitabu, mwandishi, lugha. Kazi ya Isimbi ilikuwa kunakili orodha ile kwenye flashi, kuandika "tayari" daftarini, kisha kumpa Mama Antoinette, mlezi wa kwaya, aipeleke kwa dada yake, mtaa wa Area 47 jijini Lilongwe. Mashine ikifa huku, orodha ibaki Lilongwe.

Lakini kunakili kulichukua nusu saa, na wakati huo mashine ilikuwa nzito, vitabu havifunguki upesi.

"We Isimbi, tutasoma lini? Krismasi?" wenzake walimcheka.

Kwa majuma matatu akaandika "tayari" bila kunakili chochote.

Jumatano umeme ukakatika ghafla. Uliporudi, vitabu vilikuwapo lakini orodha iliharibika. Zilibaki namba tupu.

"Njo Cyrille, ni yeye," wakasema watoto. "Alikuwa anaigusa."

"Mi nilikuwa nasoma tu," akajibu Cyrille, aliyetoka Bukavu mwezi uliopita. "Ao ni kwa sababu mi mgeni?"

Mwalimu Niyitegeka, msimamizi wa chumba, akamfukuza chumbani palepale. Isimbi akachomwa na hasira: mtu anahukumiwaje bila kuulizwa? Lakini alikumbuka daftari lake, akaenda zake.

Kesho yake Mama Antoinette akarudi na flashi kutoka Lilongwe. Majina ya vitabu mia nne vilivyoongezwa majuma matatu ya mwisho hayakuwamo.

"Cyrille ameharibu na hii," akasema mwalimu.

Isimbi hakuvumilia tena. "Flashi ilikuwa Lilongwe, Mwalimu. Mkono wa Cyrille una urefu gani?" Kisha sauti ikamshuka. "Ni mimi. Niliandika 'tayari' na sikunakili."

Mwalimu akainamisha kichwa. Akaenda mwenyewe kwa kina Cyrille kuomba radhi.

Kwa wiki tatu Isimbi alifungua kitabu kimoja kimoja na kuandika majina upya. Cyrille alikaa kando yake, akimsomea vya Kifaransa. Siku hizi hunakili alfajiri, kabla wasomaji hawajafika, na hakuna anayelalamika.

Siku walipomaliza majina yale, Mama Antoinette akafunga daftari.

"Mwanangu, ulikimbia nusu saa, ukalipa wiki tatu. Hilo si kitu. Mungu atakachokuuliza ni machozi ya Cyrille. Uongo wako ulikuwa mdogo daftarini, lakini aliyeubeba ni mwenzako."