Upepo wa Gurudumu la Sita

"Hilo usiliguse, mjomba!"

"Nisiliguse, nilibusu?" Mjomba alitupa mtaimbo chini. "Magurudumu matano yana tairi mpya. Unataka lori lichechemee kama mimi?"

"Liache na tyubu yake."

"Tyubu imeoza! Tairi za siku hizi hazitaki tyubu, Kifaranga. Zinashika upepo zenyewe. Lori likitembea, mwakani unarudi shule. Hutaki?"

Kifaranga alitaka. Daftari zake bado zilikuwa chini ya godoro. Lakini hakusogea. Alilikumbatia gurudumu la sita kama mtu anayemzuia mgeni asiondoke.

Lori lilikuwa la baba yake, lenye miaka mara tatu ya Kifaranga. Ringi zake zilikuwa za vipande viwili vilivyobanwa na pete ya chuma. Mjomba alishinda juma zima akitafuta mpira mwembamba wa kuziba ufa wa pete, ili tairi mpya zisivuje. Akaupata. Alipaka povu la sabuni kwenye magurudumu yote matano, hakikutoka hata kiputo kimoja.

Baba alikuwa na mzaha wake. Kila alipojaza tairi, kabla ya kuchukua pampu, aliweka kwanza mdomo kwenye valvu, akapuliza kidogo.

"Ili linijue," alisema. "Lisije likanitupa njiani."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Miezi saba iliyopita walimkuta baba amepiga magoti kando ya gurudumu hili. Mdomo ulikuwa kwenye valvu. Pampu ilikuwa bado imetundikwa ukutani, ina vumbi.

Na gurudumu lilikuwa limejaa, gumu kama jiwe.

Daktari alisema ni moyo. Majirani walisema ni upepo mbaya. Mama hakusema kitu. Tangu siku hiyo hakutamka neno, kwa yeyote.

"Miezi saba halijapungua," Kifaranga alinong'ona. "Tyubu iliyooza, mjomba. Miezi saba..."

Mjomba alikwepa macho yake.

"Najua," alisema taratibu. "Ndiyo maana nataka atoke. Shemeji yangu si mtu wa kukaa humo."

Jua lilikuwa limezama. Karakana ilijaa kiza na harufu ya grisi. Kifaranga alilegeza mikono. Mjomba akainama, akafungua valvu.

Sssss...

Upepo haukunuka mpira. Ulinuka tangawizi, ile aliyokuwa akitafuna baba safarini asisinzie. Ulikuwa wa vuguvugu.

Kisha ukakatika. Ukavutwa ndani. Ukatoka tena.

Ulikuwa unapumua.

Mjomba aliruka nyuma, kopo la sabuni likamwagika. "Toka hapo, Kifaranga... toka, mwanangu!"

Lakini kila pumzi ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Tairi ya zamani ililegea, ikakunjamana kama shavu la mgonjwa. Kifaranga akaelewa kwamba pumzi hizi zikiisha, hakuna nyingine. Hakufikiri. Alipiga magoti palepale alipopiga baba, akaweka mdomo kwenye valvu.

Akavuta.

Pumzi zote.

Mjomba alifunga tairi mpya, akajaza, akapaka povu. Hakikutoka kiputo. Gurudumu lilikuwa zuri, jeusi, la kung'aa, na ndani yake hamkuwa na mahali pa kumweka mtu.

Kifaranga alivuka ua kwenda nyumbani. Kifua kilimbana. Miguu ilikuwa mizito, ikitua kwa mwendo ambao haukuwa wake. Alifika mlangoni akataka kupiga hodi kama kila siku. Badala yake alikohoa. Mara mbili, kikohozi kinene cha mtu aliyemeza vumbi la njia nzima.

Ndani, kiti kilisukumwa. Miguu ikaja mbio.

Mlango ulifunguka. Mama alisimama na taa mkononi, machozi yakimtiririka. Alinusa. Akamtazama Kifaranga kwa muda mrefu, akaigusa midomo yake kwa vidole, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Halafu akachungulia nyuma yake, kule uani kwenye giza, na tabasamu likaanza kufifia.

"Umechelewa, mume wangu," alisema. "Mtoto umemwacha wapi?"