Tone la Damu Mwezi wa Ramadhani

Kila alasiri ya Ramadhani, Khairat na mama yake, Bi Mayasa, walikaa uani kwao Jang'ombe wakitayarisha futari. Khairat alimenya mihogo, mama akakuna nazi kwa taabu kwa ajili ya tumbo lake kubwa. Mimba hii ilikuwa imengojewa miaka mingi. Khairat, mwanafunzi wa darasa la sita, alishajiamulia kwamba mtoto ni wa kike, na nani angembishia?

"Mama, Bi Rahila leo kaja skuli kwetu," alisema. Bi Rahila alikuwa mkunga wa kituo cha afya cha mtaani. "Kasema kila mja mzito apimwe kaswende mapema. Wanakutoboa kidole, tone moja tu la damu, na majibu unayapata papo hapo. Weye ushapimwa?"

"Nshakwambia, ntakwenda Idi ikisha. Nikitolewa damu saumu yangu itabatilika."

"Lakini mama..."

"Khairat! Angalia mihogo yako."

Khairat akarudia kumenya. Mama hakuwa mzembe. Alimpenda mtoto yule kabla hajamwona. Alitaka tu mfungo wake utimie bila kasoro, wala hakumuuliza mtu kama alichokiogopa kilikuwa kweli.

Idi ilipokaribia, mama alisema hamsikii mtoto akicheza. Baba, Mbarouk, ambaye ni fundi seremala, akamkimbiza hospitali. Walirudi mikono mitupu. Mtoto alikuwa wa kike kweli, lakini alizaliwa hana uhai. Khairat alilia mpaka sauti ikamkauka.

Hospitali mama alipimwa, akakutwa na kaswende. Baba naye alikuwa nayo, na wote wawili walidungwa sindano za kuitibu. Bi Rahila alikuja kuwapa pole na kuwaeleza, Khairat akiwa nyuma ya pazia anasikia.

"Ugonjwa huu mke na mume huambukizana, na mtu hukaa nao miaka bila kuumwa, lakini ukimfika mtoto tumboni unaweza kumuua. Msigombane nani kauleta," alisema. "Na tone la damu la kidoleni halibatilishi saumu, Bi Mayasa. Ungemuuliza hata sheikh wa msikiti wetu."

Mama alijifunika uso kwa mikono.

Bi Rahila alipoondoka, baba alisema, "Hili lisitoke humu ndani." Basi waliokuja kutoa pole waliambiwa kwamba mama alitiwa jicho. Jang'ombe nyumba zimebanana hata chafya ya jirani unaisikia, lakini siri hii ilikaa.

Miezi ikapita. Siku moja Shadya, mdogo wake mama, alikuja kutoka Mpendae. Alimwinamia dada yake, akanong'ona, Khairat akiwa karibu anasikia, kwamba ana mimba.

"Lakini simwambii mtu, na kliniki siendi mpaka nikaribie kuzaa. Watu wana macho, dada. Si umeona yaliyokupata?"

Mama alijizuia kulia, akaingia jikoni. Khairat akamfuata.

"Mama, mama mdogo anaogopa jicho ambalo halikuwepo. Na mtoto wake akifa?"

"Unataka nkaseme nini? Watu watanionaje?"

"Sijui, mama. Mie nataka mtoto wake asife."

Mama alikaa kwenye kibao, akalia kwa uchungu. Kisha alijifuta uso kwa kanga, akarudi uani na kumshika mdogo wake mkono.

"Shadya, hakuna aliyenitia jicho. Nlikuwa na kaswende na sikupimwa. Nlikudanganya kwa aibu. Nisamehe."

Shadya akamkumbatia dada yake, wakalia pamoja.

Asubuhi ya pili wote watatu walikwenda kwa Bi Rahila. Alimtoboa Shadya kidole, akadondosha damu kwenye kipimo kidogo, wakangoja. Mistari miwili ikajitokeza.

"Unayo," alisema Bi Rahila kwa upole. "Ntakudunga sindano leo leo, na mumeo aje atibiwe. Usilie. Kwako wewe tumewahi."

Aliposikia neno hilo, mama alitoka nje. Khairat alimkuta ameegemea ukuta, analia.

Miezi ilipotimia, Shadya alijifungua mtoto wa kike mzima, mwenye kilio cha kuwaamsha majirani. Watu walicheka na kupiga vigelegele. Mama alimpakata, akambusu kipajini, akamrudisha kwa mamake upesi kwa sababu machozi yalikuwa yanamlenga. Khairat alikwenda kukaa karibu yake.

"Khairat," alisema mama.

"Naam, mama."

"Kaswende inatibika, na kipimo chake ni cha muda mdogo tu. Ukiwa na khofu na jambo, muulize anayelijua, na ukweli wa ugonjwa usiufiche, mwenzio atadhurika. Mie niliona haya kuuliza, kisha nkaona haya kusema. Mwana wa mdogo wangu amepona. Wangu nshamzika."

Khairat alimshika mama yake mkono, wakawa wanamsikiliza mtoto akilia.