Ukurasa wa Migomba wa Edvina

Kila Jumamosi asubuhi Edvina humenya ndizi na mama yake kabla ya kwenda kwenye klabu ya kompyuta shuleni kwao, Buganguzi. Siku hiyo baba yake, Apolinary, alikuwa akifunga kamba nyuma ya baiskeli huku akipiga mluzi.

"Nakwenda kwa baba mkwe," alisema. "Amenizawadia machipukizi ya migomba. Nimeangalia ukurasa wako, mwanangu. Kijiji chao ni cha kijani, hakina mnyauko."

Hakuna asiyeuogopa mnyauko. Ugonjwa huo ukiingia kibanjani, shamba la migomba la nyumbani, kwa chipukizi moja tu au panga chafu, migomba hunyauka, ndizi huoza zikiwa mkunguni, na familia hubaki kutazamana. Lakini nani atathubutu kupekua kibanja cha baba mkwe wake kama askari, na huku amepewa zawadi? Huo ni utovu wa adabu. Ndiyo maana Apolinary alifurahi kwamba simu ilimkagulia.

Edvina hakufurahi. Kisu kilimteleza.

Ukurasa ule ulitengenezwa na klabu, nao ulichota taarifa zilizoingizwa na mabwana shamba. Mwalimu Nuriat aliwaonyesha zana mbili za kuchotea. Ya kwanza huenda kuuliza upya kila ukurasa unapofunguliwa. Huchelewa, na mtandao ukikatika huleta ujumbe wa kushindwa. Ya pili hutunza jibu la zamani na kulitoa papo hapo.

"Hii ya pili ni nzuri," mwalimu alionya, "ila lazima uiambie jibu linachacha baada ya muda gani, na msomaji aone ni la tarehe gani."

Edvina aliichagua ya pili kwa sababu wenzake walimcheka ukurasa uliposuasua. Tarehe hakuiweka. Ujumbe wa kushindwa aliufuta, maana ulimtia aibu. Alipoulizwa kama ameijaribu zana yake, alijibu, "Ndiyo, mwalimu," kwa upole wa malaika.

Sasa alitaka kumwambia baba yake, lakini aliinama tu kuokota kisu. Baiskeli ikaondoka.

Shuleni alifuta jibu lililotunzwa, akauliza upya. Kijiji cha babu kilikuwa chekundu! Alimkimbilia mwalimu.

"Mwalimu, nilikudanganya. Sikuijaribu," alisema, kisha akaeleza alikokwenda baba.

Mwalimu Nuriat hakupoteza muda kumgombeza. Alimpigia Apolinary, simu haikupatikana. "Kimbia nyumbani kabla hajapanda," alisema. "Nakuja nyuma yako."

Edvina alikimbia huku akilia. Kila mgomba alioupita aliuona wa njano, hata ule wenye afya. Itakuwaje kibanja kikifa? Watakula nini? Na baba atamfanya nini?

Alimkuta baba ameinama juu ya shimo, chipukizi mkononi.

"Tata, usipande! Waitu, usipande!" alimsihi baba yake kwa Kihaya.

"Umepatwa na nini, wewe?"

Alieleza yote, akisubiri kofi. Kofi halikuja. Baba alilitazama chipukizi, akalipasua kwa panga. Ute wa njano, dalili ya mnyauko, ukachuruzika.

"Panga hilo limegusa mgomba wenu wowote?" aliuliza Mwalimu Nuriat, akihema.

"Bado," baba alijibu kwa sauti ndogo.

Waliyafukia machipukizi yote mbali na migomba, na panga likapitishwa motoni. Kisha mwalimu na Edvina wakakaa barazani kurekebisha ukurasa. Walipozima mtandao ili kuujaribu, uliandika: "Hali ya leo haijulikani. Taarifa hii ni ya wiki iliyopita."

"Sasa unaonekana haujui kitu," Edvina alinong'ona.

Baba alisoma mara mbili. "Mwanangu, ungesema hujui, ningesubiri. Ulijifanya unajua, ikabaki kidogo unizikie kibanja. Chagua zana unayoitaka, ya haraka au ya polepole, lakini iseme kweli. Na wewe pia useme kweli, hata ukichekwa."

Akainuka, akaichukua baiskeli.

"Vaa viatu. Babu yako naye anauamini ukurasa huo, na bado anagawa machipukizi kwa majirani. Tukifika, utaanza wewe kusema."

Edvina alijua watamcheka. Lakini alivaa viatu.