Chaneli ya Pili

Redio ilikuwa inaongea, lakini nusu yake imekufa.

Inspekta Asukile alikuwa ametoka Mbeya asubuhi ile kuja Igawa, akitegemea kukuta mlango umevunjwa. Hakuna kilichovunjwa. Redio mpya ya mawasiliano ilikuwa juu ya meza ya zahanati, na betri yake kando. Kilichoibwa jioni iliyotangulia ni kristali ya chaneli ya pili, ile ya mazungumzo ya faragha: kidude kisichozidi ukucha wa gumba, lakini bila hicho chaneli haishiki.

"Saa sita zahanati zote tano zinakutana hewani kuchagua," alisema Sista Benedicta, mkuu wa zahanati. "Ama tubaki na redio za zamani zenye chaneli moja, ama tuchukue hizi. Bila chaneli ya pili, hii itachaguliwa kwa lipi?"

"Nani anaitaka zaidi?"

"Mimi, afande," alijibu Matilda, nesi. "Kwa ile ya zamani, nikimweleza Daktari Kasian wa Iringa habari za mgonjwa, zahanati zote zinasikia. Akina mama wameacha kuja. Mwezi jana mmoja amefia nyumbani kwa kuogopa aibu."

Asukile alinyunyiza poda ya kutafutia alama za vidole. Wapi! Kasha lilikuwa limepanguswa. Ndipo alipoziona skrubu: zote nne zimerudishwa na kukazwa barabara. Mwizi ana haraka zake. Huyu mikono yake haikujua kuacha kitu wazi.

Akamwita pembeni Silvester, fundi wa jenereta, mume wa Matilda.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kwenye jenereta, afande."

"Nani mwingine hapa ana bisibisi?"

Silvester aliinamia mikono yake yenye grisi.

"Mwizi angebeba redio nzima akauze. Wewe umewaacha wote waendelee kuongea, ukawakata wawili tu wanaotaka faragha. Unamwonea wivu nani?"

Aliuliza kwa upole, maana ugonjwa huo aliujua. Aliwahi kufungua barua ya mkewe kwa mvuke wa birika, akakuta imetoka kwa shangazi wa huyo mke. Mpaka leo anaona haya.

Silvester alitoa kristali mfukoni, imefungwa vizuri kwenye kitambaa.

"Kila asubuhi namsikia. 'Kamwene, Daktari!' ndivyo anavyomsalimu. Anacheka, tena watu wote wanasikia. Mimi hanichekei hivyo. Nikajiuliza, wakipewa chaneli yao peke yao watasemezana nini? Wivu umenila, afande. Silali."

Matilda alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

"Unataka kujua ningemwambia nini?" Aliuliza kwa hasira. "Miaka sita hatuna mtoto. Mama yako ananiita mgumba, nanyamaza. Nilipimwa Iringa, Silvester. Mimi ni mzima. Nilitaka nimuulize jinsi ya kukupima wewe, watu wasisikie wakakucheka."

Silvester akakaa sakafuni kama gunia lililopasuka.

"Irudishe kwanza," Asukile alimwamuru.

Saa sita zahanati nne zilikubali redio mpya, na Igawa ikawa ya tano. Asukile akatoa pingu. Walipofika kwenye Landrova, Silvester aligeuka.

"Mke wangu, bado utamuuliza?"

"Nilikuwa nakufichia," alisema Matilda. "Sasa ukirudi, kamuulize mwenyewe."