Breki za Landrova

Kila asubuhi Shiro aliamshwa na mlango wa mbele ukifungwa taratibu. Huyo alikuwa Mama, akitoka kwenda kituo cha basi. Shiro alivuta pazia akamwona akipita peke yake kando ya nyumba za Edmonton, kaskazini mwa London, zilizoshikana ukuta kwa ukuta, barakoa usoni na mkoba wa chakula begani. Barabara ilikuwa tupu. Korona ilikuwa imefunga kila kitu: shule, makanisa, maduka, hata bembea za watoto zilikuwa zimezungushiwa utepe. Lakini hospitali hazikufungwa, na mama yake, Ann, alikuwa muuguzi.

Shiro alikunywa chai, akafungua kompyuta, akasoma na mwalimu wake aliyebanwa ndani ya kidirisha kidogo cha skrini. Masomo yalipokwisha, Baba alimwita kutoka nje kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima.

"Fundi msaidizi! Spana zinakungoja!"

Baba yake, Wanjohi, alikuwa mfanyakazi wa ghala. Ghala lilipofungwa, aliambiwa akae nyumbani mpaka aitwe. Lakini Baba na kukaa, wapi na wapi! Kwanza alipaka rangi choo. Kisha akatengeneza kabati ambalo halikuwa limeharibika, na likaharibika. Mwishowe akaifunua Landrova iliyokuwa imelala mbele ya nyumba chini ya turubai.

Landrova hiyo ilikuwa kongwe kuliko Baba mwenyewe. Aliinunua kwa kuwa tangu utotoni kule Nyahururu alitamani gari la kupanda milima na kukata matope bila kuomba kusukumwa. Mama alimuuliza matope ya London yako wapi. Tangu siku hiyo Mama aliiita mzoga. Sasa mambo yalikuwa yamegeuka. Wauguzi wawili wenzake Mama walikuwa wamelazwa, na katika basi hukujua anayekohoa nyuma yako ana nini.

"Fufua huo mzoga wako, Wanjohi," alimwambia Baba. "Nimechoka kupanda basi roho ikiwa mkononi."

Baba hakungoja kuambiwa mara ya pili. Injini ilikubali kunguruma baada ya siku kadhaa za kubembelezwa. Kilichobaki ni breki. Baba alibadilisha mabomba yaliyooza kwa kutu, na sasa ilibidi watoe hewa iliyoingia ndani yake.

Hapo kuna jambo la nyumba hiyo ambalo ni lazima nilieleze. Nyumbani kwa kina Shiro, chombo na kilichoandikwa juu yake havikuwa na uhusiano wowote. Ukifungua kopo la aiskrimu kwenye friji, unakuta maharagwe. Bati la biskuti lilijaa nyuzi na sindano. Mgeni angeweza kuaibika, lakini wenyewe walijua kila kitu kilipo. Baba naye aliipeleka tabia hiyo kwenye gari. Kwa kuwa madebe ya dukani yalikuwa makubwa na yalimwaga ovyo, alimimina mafuta ya breki katika chupa moja ya soda na oili ya injini katika nyingine. Akaziweka pamoja juu ya meza ya spana. Rangi yake ilikuwa ileile, kama asali nyepesi.

Jirani yao, Anko Praful, alizitazama chupa hizo kwa jicho baya. Mzee huyo alijifunza ufundi Kisumu, akaja kuwa na gereji yake Neasden mpaka alipostaafu. Daktari alikuwa amemkataza kutoka kwake, basi alileta kiti na kikombe cha chai hadi kwenye ukuta mfupi uliotenganisha nyua zao, akawa anatoa amri kutoka huko.

"Wanjohi! Mafuta ya breki ndani ya chupa ya soda? Kwani unauza juisi?"

"Anko, mimi ninazijua," Baba alijibu akicheka. "Ya kifuniko cheupe ni breki, ya kijani ni oili."

Shiro hakuyasikia hayo. Alikuwa ndani akitafuta viatu vyake.

Alipotoka, Baba alimpa kazi yake. "Wewe utakanyaga pedali nikikuambia, na utaachia nikikuambia. Nikihamia gurudumu jingine, shuka utazame tangi la mafuta ya breki chini ya boneti. Likifika nusu, niite. Usimimine mwenyewe, umesikia? Na simu ibaki ndani."

"Nimesikia, Baba," Shiro alijibu kwa Kiingereza, kama alivyojibu kila kitu.

Baba aliingia chini ya gari na spana yake. "Kanyaga!" Shiro alikanyaga. "Achia!" Akaachia. Kazi ilikuwa hiyohiyo, kanyaga, achia, mpaka mguu ukamchosha. Na simu, msomaji, haikuwa ndani. Ilikuwa mfukoni. Rafiki yake Lorraine alimtumia video ya paka wao aliyenasa kwenye mkono wa sweta, na Shiro akacheka kimoyomoyo. Ikaja ya pili, ikaja ya tatu. Baba alihama gurudumu, naye akasahau kushuka.

Alipokumbuka, alikimbilia boneti. Lo! Tangi lilikuwa karibu kukauka.

Angemwita Baba, Baba angeuliza kwa nini hakuita mapema. Angeuliza simu iko wapi. Shiro alitupa macho mezani, akaona chupa mbili. Akashika iliyokuwa karibu, ile ya kifuniko cha kijani, akamimina haraka mpaka tangi likajaa.

"Shiro! Uko wapi? Kanyaga!"

"Nakanyaga!"

Walipomaliza, Baba alichungulia tangi juujuu, akaliona limejaa, akaridhika. Aliendesha Landrova mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, akifunga breki kila baada ya nyumba chache. Ilisimama vizuri kabisa. Baba alishuka akipiga makofi.

"Anko, umeona mwenyewe! Ann ataenda kazini na gari lake kesho!"

Anko Praful hakupiga makofi. "Una hakika hukuchanganya zile juisi zako?"

"Ningechanganya vipi?"

"Kisumu kijana mmoja alichanganya," mzee alisema, akiweka kikombe ukutani. "Alitia oili ya injini kwenye breki za lori. Siku ya kwanza lori likasimama vizuri. Siku ya pili vilevile. Lakini oili inakula zile raba za ndani, zinafura kama mkate kwenye chai. Lori likawa linashuka mlima, dereva anakanyaga, pedali inakwenda mpaka chini na hakuna kitu. Lilibomoa ukuta wa nyumba ya watu. Mungu alimnusuru, mguu tu ndio uliovunjika. Usicheze na oili. Ukiwa na shaka, tia tone kwenye maji. Mafuta ya breki yanachanganyika, oili inaelea."

Baba alipoingia kunawa, Shiro alichukua ile chupa ya kifuniko cha kijani mpaka jikoni, akatia tone katika glasi ya maji.

Tone lilielea. Alikoroga kwa kijiko. Likapasuka vipande vidogo, vikaelea vyote.

Jioni Mama alirudi. Alivua nguo za kazi mlangoni, akazitia kwenye mfuko wa plastiki, akaoga, akaenda kwenye kile chumba kidogo alicholala peke yake tangu korona ianze, asije akawaambukiza. Chakula chake kiliwekwa juu ya kiti nje ya chumba. Kila siku Shiro alikaa kwenye ngazi wakazungumza kwa mbali.

"Kesho sipandi basi!" Mama alisema akicheka kwa furaha, kitu ambacho hakikuwa kimesikika humo ndani kwa muda. "Wewe na baba yako mmeniokoa. Haki nitawapikia chapati."

"Tulifanya kazi kweli," Baba alidakia kutoka jikoni. "Shiro alikanyaga pedali mpaka mguu ukafa ganzi."

Hapo ndipo Shiro alipopaswa kusema. Alijiambia kwamba oili yenyewe ilikuwa kidogo tu. Alijiambia kwamba Baba alijaribu breki zikashika. Akajiambia pia kwamba wazee hupenda kutia chumvi hadithi zao. Alijiambia mengi, na hakuliamini hata moja. Alikwenda kulala akiwa amejikunyata chini ya blanketi.

Asubuhi hakuamshwa na mlango. Aliamshwa na injini.

Alishuka ngazi mbiombio, akatoka na nguo za kulalia, miguu mitupu kwenye saruji baridi. Mama alikuwa ameshika usukani, mkoba kando yake. Baba alikuwa akimwelekeza atoke kinyumenyume.

"Mama, usiende!"

Mama alifungua dirisha. "Kuna nini?"

"Breki ni mbovu. Nilitia oili." Alisema kwa Kiswahili, maneno yakigongana. "Nilikuwa na simu, mafuta yakaisha, nikaogopa. Nikatia ya kijani. Nimejaribu kwenye maji, imeelea. Samahani, Mama. Nilijua tangu jana."

Baba aliganda, mkono ungali hewani. "Umesema nini? Ulijua tangu jana?"

Shiro alilia. Mama alizima injini, akavuta breki ya mkono, akashuka. Alitaka kumkumbatia, ilionekana wazi, lakini alisimama mbali kama ilivyokuwa desturi ya siku hizo.

"Wanjohi, usimpigie kelele sasa hivi," alisema. "Shiro, asante kwa kuniambia. Jioni tutazungumza."

Kisha akavaa barakoa yake, akatembea kwenda kituo cha basi. Shiro alimtazama mpaka akakata kona. Hilo lilimuuma kuliko kofi lolote.

Anko Praful alipopata habari, alitikisa kichwa mpaka miwani ikamteleza. Alimgombeza Baba kwanza. "Mtoto kakosea, sawa, lakini mtu mzima gani anaweka sumu ya breki kwenye chupa ya soda?" Kisha akasema ukweli mchungu: kila kilichoguswa na oili kifunguliwe, mabomba yasafishwe, na raba zote zitupwe. Aliwapigia simu watu wa zamani wa gereji yake, na baada ya siku chache kifurushi cha raba mpya kikaachwa getini. Siku hizo zote Mama alikwenda kwa basi, na kila akichelewa kidogo kurudi Shiro alikaa dirishani.

Jioni ile ya kwanza walizungumza kama Mama alivyoahidi, yeye mlangoni mwa chumba chake na Shiro kwenye ngazi.

"Hospitalini," Mama alisema, "muuguzi anaweza kukosea dawa. Tumechoka, tuko wachache, inatokea. Unajua tunafundishwa nini siku ya kwanza? Ukikosea, sema papo hapo. Usingoje kuona kama mgonjwa atazidiwa. Ukisema mapema, tunamwokoa. Ukinyamaza ili usigombezwe, mgonjwa ndiye anayelipa."

"Nilipaswa kusema jana," Shiro alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo. Jana ungesema. Kutia oili ni kosa, na kila mtu hukosea. Kunyamaza usiku kucha ndiko kungeniua."

Mama hakulifunika jambo hilo kwa maneno laini, na Shiro hakutaka alifunike.

Kazi iliyofuata ilikuwa chafu. Shiro aliiacha simu juu ya friji bila kuambiwa. Baba alikuwa bado na hasira, akimjibu kwa neno mojamoja, "Spana." "Kitambaa." Walitoa zile raba za zamani, na Baba akamwonyesha moja. Ilikuwa imefura na kulainika, ukiibana kwa kidole inabaki na alama. Baba aliigeuzageuza kiganjani kwa muda mrefu.

"Hizi chupa nilizileta mimi," alisema hatimaye. "Anko alinionya, nikajifanya mjuaji. Nisamehe na mimi." Akazitupa zote mbili kwenye pipa, akarudisha madebe ya dukani mezani, maandishi yakitazama mbele.

Mara hii Shiro aliita kila tangi lilipokaribia nusu. Aliita mpaka Baba akacheka. "Sawa, sawa, nimesikia! Hata Kisumu wamesikia!" Na Anko Praful, kutoka kwenye ukuta wake, akaamuru warudie gurudumu la nyuma kwa sababu, alisema, alisikia pedali inapumua.

Asubuhi iliyofuata Mama alipokwenda kujaribu tena, wote walikuwa nje. Aliweka mkoba kando, akafunga mkanda. Baba alifungua mdomo kuanza kueleza, lakini Mama aliinua mkono kumzuia. Akamgeukia Shiro aliyesimama kwenye ngazi za mlango.

"Shiro, breki ziko salama?"

Shiro alishtuka. Alifikiri kwanza: tangi, raba, mabomba, magurudumu yote. Tone la mafuta alilolitia kwenye glasi jana yake lilikuwa limechanganyika na maji, hakuna kilichoelea.

"Ziko salama, Mama."

Mama aliwasha injini.

"Ann, hutaki kuniuliza mimi?" Baba alisema. "Fundi si mimi?"

"Wewe juzi uliniambia ziko sawa, na hazikuwa sawa," Mama alijibu, akiingiza gia. "Huyu ndiye aliyeniambia ni mbovu, tena huku akilia na akijua atagombezwa. Mtu anayeweza kukuambia hilo, akikuambia ni salama, unaondoka."

Akaondoka. Mwisho wa mtaa taa nyekundu za nyuma ziliwaka, na Landrova ikasimama kabisa kabla ya kukata kona.