Taa Iliyowaka Yenyewe

Ndugu zangu mlio na wazazi hai, sogeeni karibu, maana habari hii ni yenu. Na ninyi ambao wazazi wenu wameshatangulia msiondoke. Mna watoto, na watoto hujifunza kwa kututazama.

Ilikuwa jioni tulivu katika kambi yetu ya Kisima Kikavu, huko jangwani Arizona. Jua lilikuwa limeinamia milima. Kware walikuwa wametoka vichakani kwa mstari, kuja kunywa maji kwenye sufuria kuukuu ya Verna. Yeye mwenyewe alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, blanketi magotini, akiwasemesha ndege wale kama wajukuu. Ng'ambo ya korongo mzee Orrin alikuwa anakaanga nyama ya nguruwe, na harufu yake ilitufikia sote, wenye chakula na wasio nacho. Mimi nilikuwa na kahawa yangu. Niliendesha basi la shule maisha yangu yote, na kelele nilizosikia humo zinanitosha mpaka kaburini, kwa hiyo ukimya ule niliupenda.

Kambi ile iko kwenye ardhi ya umma. Ni ya bure. Hakuna bomba, hakuna choo, hakuna umeme, na simu haishiki mpaka upande kilimani. Unakuja na maji yako na unaondoka na taka zako. Sheria ni moja tu ya kukumbuka: ukikaa wiki mbili, hama. Basi sisi tuliokuwa tunaishi kwenye trela na magari tulizunguka kati ya Kisima Kikavu na kambi nyingine nyuma ya mlima, tukienda na kurudi majira yote ya baridi kama wafugaji wasio na mifugo. Na tulikuwa na adabu yetu. Kambi ya mtu ni sebule yake. Huiingii bila kuitwa, hata kama haina ukuta.

Wengi wetu tulikuwa pale kwa kupenda. Verna hakuwa pale kwa kupenda.

Verna alikuwa na nyumba mjini, yenye mlango wa buluu na mlimau uani uliopandwa na marehemu mumewe. Alikuwa na mtoto mmoja, Galen. Sitaki mumfikirie Galen kama zimwi. Sikuwahi kumsikia akimtolea mama yake neno baya. Alimwambia tu kwamba paa linahitaji kutengenezwa, na kwamba ingekuwa vizuri akae kwenye trela kidogo, apate hewa safi, kwani si yeye na baba walipenda sana kupiga kambi? Paa lilitengenezwa upesi. Lakini watu wa kaskazini wanaoikimbia theluji hulipa vizuri sana kwa nyumba yenye jua, na Galen akawaingiza. "Msimu huu tu, Mama," alisema. Msimu uliofuata akasema maneno yaleyale.

Verna hakuwa na gari la kuvuta trela. Lile la mumewe alikuwa nalo Galen. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili mwana alikuja, akamletea maji na mtungi wa gesi, akamvuta hadi kambi ya pili, akambusu kwenye paji la uso na kuondoka injini ikiwa bado ya moto.

"Mwambie unataka kurudi kwako," nilimwambia siku moja.

"Ana mambo mengi mtoto yule, Idella. Na hapa nina kware wangu."

"Kware hawajui kupiga simu."

"Hata mimi sijui," alisema, akacheka mpaka ndege wakaruka.

Orrin ndiye aliyeleta wazo la taa. Verna alikuwa na taa ya mafuta ambayo aliiwasha kila magharibi na kuitundika dirishani, na dirisha lile lilionekana vizuri kutoka ng'ambo ya korongo. Kambi zote mbili zilikuwa na korongo, na kila tulipohama Orrin aliegesha ng'ambo, mahali anapoliona.

"Ukiwasha, nitajua uko salama," Orrin alimwambia. "Usipowasha, nakuja. Goti liume lisiume."

"Hata kama nimeshavaa nguo za kulalia?"

"Nitafumba macho."

"Wewe? Utafumba moja."

Basi ikawa desturi. Mwanga ukitokea dirishani, Orrin aliinua kikombe chake kuelekea kule kama anayemsalimia mtu, kisha akaendelea na chakula chake.

Jioni moja taa haikuwaka. Orrin alichukua fimbo yake, akavuka korongo na goti lake bovu, akamkuta Verna amelala na homa. Akampikia supu, kisha akapanda kilima na kumpigia simu Galen. Galen aliwaacha wageni wake, akaendesha mwendo mrefu, akafika na kumkuta mama yake ameketi kitandani anamega mkate wa mahindi. Nilikuwapo, na niliona uso wake. Hakufurahi kumwona mzima. Ndugu zangu, hilo ndilo lilikuwa jambo la kuogopa, na sisi tulidhani ni uchovu.

"Alisinzia tu, mzee," alimwambia Orrin. "Siwezi kuacha kazi kila mama anaposinzia."

"Mimi najua tu kwamba taa haikuwaka, kijana. Naye hiyo ndiyo simu yake."

Siku chache baadaye mimi nilisafiri kwenda kwa dada yangu aliyekuwa amefanyiwa upasuaji. Yaliyofuata Galen mwenyewe alinisimulia, nami sijamwongezea neno.

Alikuja siku ya kuhama na taa mpya ya sola. Alifunga kibao chake cha kunasa jua juu ya paa la trela, akaikaza taa yenyewe kwa skrubu juu dirishani, mahali pa ile ya mafuta.

"Hii inawaka yenyewe giza likiingia, Mama. Huna haja ya kuinuka. Huna haja ya kiberiti."

"Inazimwa wapi?"

"Haizimwi. Asubuhi inajizima. Na hata ukiipiga nyundo haivunjiki, wameniapia dukani."

Verna alitazama ng'ambo ya korongo. "Sasa Orrin atajuaje kama nimeamka?"

"Nitamwambia mimi nikipita."

Alipita. Lakini wageni wa Krismasi walikuwa wanafika siku hiyohiyo, na mashuka yalikuwa bado kwenye mashine. Alimpungia Orrin mkono kutoka kwenye pikapu na kuendelea na safari. Aliwaza moyoni, nitamwambia safari ijayo. Tena alikiri, bila mimi kumuuliza, kwamba njiani alijisikia mwepesi, maana sasa hakuna atakayemwita bure.

Kisha ikanyesha mvua. Mvua ya kule ikiamua kunyesha, barabara hugeuka uji, na tope hushika kiatu likakivua. Kila mtu alijifungia ndani. Siku ya kuhama ilifika, Galen hakuja. Nyumba ilikuwa imejaa wageni, na barabara ilikuwa kisingizio kizuri. Askari wa ardhi ya umma naye aliwaachia watu wakae mpaka kukauke. Orrin alikaa dirishani kwake na goti limevimba kwa baridi, na kila magharibi aliona mwanga kwa Verna. Kila magharibi akainua kikombe chake.

Nilirudi jua lilipoanza kutoka tena. Niliegesha gari, na kabla sijashuka niliona kiti cha Verna. Kilikuwa kimeanguka kifudifudi, na tope lilikuwa limekaukia kwenye miguu yake. Kware walikuwa wamejikusanya mbele ya mlango wa trela, kimya, hawadonoi kitu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Orrin. "Verna yuko wapi?"

"Yupo. Taa yake iliwaka jana, na juzi, na siku zote."

"Umemwona?"

"Nimeona taa, Idella."

Tulivuka korongo pamoja, yeye akiniegemea. Tulisimama pembeni ya kambi yake kama adabu inavyotaka, tukabisha hodi. Tukabisha tena. Kisha nikaiacha adabu, nikafungua mlango.

Verna alikuwa sakafuni kati ya jiko na kitanda, mguu umekunjika vibaya chini yake. Alikuwa ameshatutoka. Mtungi wa gesi ulikuwa mtupu, na humo ndani mlikuwa na baridi kuliko nje. Nilichukua blanketi nikamfunika, nikalia, sioni haya kusema.

Orrin hakulia. Alikuwa anatazama chini ya dirisha. Pale palikuwa na kiatu, na kiatu kingine. Palikuwa na kikombe cha bati, kopo la maharagwe lililobonyea, brashi ya nywele, redio ndogo iliyopasuka, na miwani yake. Vitu vyote alivyoweza kuvifikia kwa mkono pale alipolala vilikuwa vimerundikana mahali pamoja. Ukutani, kuizunguka taa, palikuwa na alama za kupigwapigwa.

Hatukuelewa. Nje jua likazama nyuma ya milima, ndani kukawa kijivu, na taa ile ikawaka. Hakuna aliyeigusa. Iliwaka taratibu, kwa mwanga wa manjano mzuri kabisa, ikatumulika sisi na yeye.

Orrin alikaa chini kwenye ngazi ya mlango. "Alikuwa anataka kuizima," alisema. "Alikuwa ananiita."

Galen alifika kesho yake. Aliona vile vitu, akauliza ni nani aliyefanya fujo kwenye trela ya mama yake. Orrin akamweleza kwa sauti ya chini, bila ukali, na hilo nadhani lilikuwa gumu kulipokea kuliko kupigwa. Galen aliifungua ile taa, akatoka nayo nje, akaiweka juu ya jiwe na kuipiga kwa jiwe jingine. Akaipiga mpaka vidole vikatoka damu. Kioo chake hakikupata hata ufa. Wale wa dukani hawakuwa wamemdanganya.

Trela iliondolewa. Wageni walirudishiwa fedha zao wakaondoka, na nyumba ya mlango wa buluu sasa imefungwa. Malimau yanaanguka uani na kuozea palepale. Watu wa mjini husema Galen hawezi kulala humo, eti anasikia kitu kinagonga ukuta, mara moja, kisha kimya, kisha tena. Mimi sikusikia, kwa hiyo siapi. Ninachojua nimekiona kwa macho yangu. Kila baada ya wiki mbili, siku ileile ambayo angekuja kumhamisha, pikapu yake inaingia kambini na kusimama pale trela ilipokuwa. Taa ile iko mbele, juu ya dashibodi, na kibao chake cha sola ubavuni mwake. Jua likizama inawaka, na uso wake unaonekana.

Mara moja nilimpelekea kahawa.

"Ifunike basi, mwanangu," nilimwambia. "Au itupe."

"Nilishaifunika, Idella." Hakuangalia kikombe. "Nikiifunika naona kama nimemfunika yeye. Nikiitupa, nani atajua kwamba aliita?"

Niliiacha kahawa juu ya boneti, na asubuhi niliikuta palepale, imejaa, na tairi zimeacha alama mchangani.

Kambini siku hizi hatuamini taa. Magharibi ikifika Orrin hushika fimbo na kuzunguka, trela hadi trela, gari hadi gari. Wageni wapya hukasirika, husema walikuja jangwani kutafuta faragha. Yeye husimama tu mlangoni mpaka asikie sauti.

"Idella, sema kitu."

"Nimechoka na wewe, mzee."

"Hiyo inatosha," husema, na kuendelea na mzunguko wake. Akifika pale penye kiti cha Verna, ambacho hatujakiondoa, husimama kidogo. Kware bado wanakuja, na mimi ndiye ninayewajazia sufuria.

FUNZO

Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma, lakini hawakusema kwamba mauti yatakuwa yako. Mara nyingine huwa ya mwingine, na wewe unabakishwa uyaangalie. Galen hakumwua mama yake kwa mkono. Alimhamisha tu kutoka nyumba yake kwa sababu ya fedha, kisha akatafuta kifaa cha kumwondolea usumbufu wa kumjali. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu hukaa na mtu mpaka uzeeni.

Wewe unayenisikiliza, jiulize taa yako ni ipi. Pengine ni pesa unayotuma kila mwisho wa mwezi, na ujumbe wa "zimefika" unaokurudishia usingizi. Pengine ni mtumishi uliyemwajiri anayekujibu kila mara kwamba mzee hajambo. Vitu hivyo si vibaya. Ila ujue vinaweza kuendelea kuwaka huku mtu wako yuko sakafuni.

Na sisi majirani tusijifiche nyuma ya adabu. Hodi haijawahi kumwua mtu. Mzazi wako nenda ukamwone, ukae, maji ya chai yachemke mkiwa pamoja. Kama uko mbali, piga simu, wala usikate mpaka umesikia sauti yake mwenyewe, hata kama anakugombeza.