Kuogopa Chakula cha Kujenga Mwili

Ilikuwa Jumatatu, tarehe tatu Machi. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu, na ubaridi ulipenya chini ya mlango. Fundi cherehani alikaa kwenye mashine yake, akajaribu kutunga uzi kwenye sindano. Uzi ukapita pembeni, tena na tena.

“Ee Mungu,” aliomba kimoyomoyo, “yasinipate ya dada.”

Dada yake alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Na sasa yeye mwenyewe alikuwa ameambiwa zahanati kwamba sukari yake imeanza kupanda. Haukuwa ugonjwa kamili bado, ila alikuwa mlangoni. Tangu hapo usingizi ulimpaa.

Aliambiwa apunguze uzito. Akakumbuka somo la shuleni: maharage, mayai, samaki na nyama ni vyakula vya kujenga mwili. Akajitazama kwenye kioo cha wateja. Akaona mwili wake umejengwa vya kutosha. Basi akaviacha vyote.

Asubuhi alikula mkate mkavu na chai isiyo na sukari. Mchana wali mtupu, jioni viazi. Njaa haikumwacha, naye akazidi kuongeza mkate. Nguo zikaanza kumpwaya mabegani, lakini tumbo likabaki palepale. Mumewe alipouliza, alijibiwa kwa mkato kwamba kila mtu aangalie sahani yake.

Mchana wa Jumatatu hiyo alikuja muuguzi, jirani yao, kushonesha sketi. Fundi aliinuka kumpima kiuno. Giza likamjia machoni, akashika meza. Muuguzi alimkalisha, akamuuliza anakula nini.

“Mayai huli? Hata maharage?”

“Si ndiyo ya kujenga mwili hayo? Shoga, mimi nyumba imekwisha. Niongeze ghorofa?”

Muuguzi alicheka, kisha akaacha kucheka.

“Mwili unachakaa kila siku, na kila siku unakarabatiwa. Protini ndiyo inayokarabati misuli. Na misuli ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya sukari ya damu. Wewe unaimaliza misuli, halafu unaongeza mkate. Hiyo sukari iende wapi?”

Fundi aliutazama mguu wake. “Kumbe nilikuwa naufuata mguu wa dada.”

“Hujafika. Geuka sasa.”

Akamweleza taratibu. Mkate, wali na viazi tumboni hugeuka kuwa sukari. Nusu ya sahani iwe mboga za majani. Robo iwe maharage, yai, samaki au nyama isiyo na mafuta mengi. Robo inayobaki ndiyo ya wali. Protini hushibisha kwa muda mrefu. Lakini mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, na anayetumia dawa asiziache. Tena fundi atembee kila siku.

Hofu haikuisha siku hiyo. Kijiko cha kwanza cha maharage fundi alikimeza kwa dua. Polepole njaa ikapoa. Uzi ukaanza kuingia sindanoni mara ya kwanza. Miezi ilipopita alikwenda kupima. Sukari ilikuwa imeshuka. Akaambiwa aendelee hivyo hivyo, na arudi kupimwa.

Jioni hiyo alimwita muuguzi, wakala pamoja na mumewe na binti yao. Katikati ya chakula fundi aliweka kijiko chini.

“Mungu ananisikia, na ninyi mnanisikia,” alisema. “Nikiogopa tena, sitajificha na sitabahatisha. Nitauliza kwanza.”